MAELEZO YA MANENO KADHAA YA MAJI, ARDHI NA KAZI YATUMIKAYO KIHURIO, UPARE

Nia ya makala haya ni kueleza maana za maneno kadhaa yatumiwayo na wakulima wa Kihurio na vijiji jirani wanapozungumza Kiswahili juu ya maji, ardhi na kazi. Baadhi ya maneno hayo yametoka katika Kipare, au Chasu kama wenyewe waiitavyo lugha yao. Mengine ni maneno ya Kiswahili yajulikanayo kila mahali, lakini katika nchi hii yameshika maana iliyo pana zaidi, au finyu zaidi, kuliko ile iliyozoeleka pwani. Baada ya maelezo ya kila neno tumeweka sentensi za mfano. Sentensi hizo zimetungwa kwa ajili ya makala haya, ili msomaji alione neno likiwa kazini.

Kihurio ni kata katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Iko chini ya milima ya Upare wa Kusini, katika njia itokayo Same kwa kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu, ikaendelea Bendera mpaka Mkomazi. Nyuma yake ni milima yenye mvua na misitu. Mbele yake ni nchi kavu. Mkulima wa hapa hutegemea maji yashukayo kutoka juu, na kwa hiyo ana maneno mengi ya kueleza jinsi maji yanavyokamatwa, yanavyogawanywa na yanavyogombewa.

Mahali hapa pana historia ya kuchanganyika kwa lugha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilifuata bonde la Mto Mkomazi, ikipumzika na kununua chakula chini ya milima, mahali kama Mazinde, Gonja na Kisiwani. Semboja, wa ukoo wa Wakilindi wa Usambara, aliweka makao yake Mazinde ili awe karibu na njia hiyo. Hivyo Wapare, Washambaa, Wazigua, Wamasai na watu wa pwani walikutana tangu zamani katika tambarare hii, na Kiswahili kikawa lugha ya kupatana bei na kuulizana habari. Sarufi ya Chasu ilikwisha kuchapishwa kwa Kijerumani mwaka 1909 na mmisionari Ernst Kotz. Lakini Kiswahili cha Wapare hakikupata mwandishi wa namna hiyo.

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, msingi wake ulikuwa Kiunguja, kama ilivyokubaliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Uamuzi huo uliipa lugha sura moja ya kuandikia. Walakini ulifanya pia maneno mengi ya bara yakae nje ya kamusi, au yaingie kwa maelezo mafupi mno. Katika mambo ya maji upungufu huo una gharama. Mikutano ya wakulima huandikwa kumbukumbu kwa Kiswahili, sheria ndogo huandikwa kwa Kiswahili, na mashauri husikilizwa kwa Kiswahili. Neno likieleweka hivi na mtu wa ofisini, na vile na mwenye shamba, mpunga wa mmojawapo huweza kukauka kabla maana haijapatanishwa.

NYIKA na TAMBARARE

Katika kamusi nyika ni nchi kavu ya majani na miti michache, isiyokaliwa na watu wengi. Pwani neno hili lilibeba dharau: watu waitwao leo Mijikenda waliitwa zamani Wanyika, nao wakaliacha jina hilo. Katika nchi ya milima, nyika ina kazi nyingine. Huko ni kinyume cha mlima. Washambaa hutenganisha nchi yao ya juu na nyika iliyo chini, na mtengano wa namna hiyo umo katika mazungumzo ya Wapare pia. Nyika ilikuwa mahali pa joto, pa homa na pa kuvamiwa. Mlima ulikuwa mahali pa migomba, pa baridi na pa usalama.

Tambarare ni neno la sura ya ardhi tu, yaani nchi iliyo sawa, isiyo na vilima wala mabonde. Halina dharau wala hofu. Kwa hiyo mtu wa Kihurio anapotaka kuitaja nchi yake kwa heshima, hasa mbele ya watu wa milimani, huchagua neno hili.

(a) "Babu alikataa kushuka nyikani, alisema huko hakuna kitu ila jua na homa."
(b) "Sisi wa tambarare twalima mpunga, na ninyi wa milimani mwatuletea tangawizi."

Sentensi zote mbili zahusu ardhi ile ile. Tofauti iko katika macho ya msemaji.

KITIVO

Msomaji wa chuo kikuu analijua neno hili kwa maana moja: mkusanyiko wa idara za chuo, kama Kitivo cha Sheria au Kitivo cha Sayansi. Kamusi huongeza maana nyingine, nayo ni mahali penye rutuba pafaapo kwa kilimo. Maana hiyo ya pili bado ina makao. Upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, katika Wilaya ya Lushoto, iko tambarare ya Mng'aro na Lunguza ambayo jina lake hasa ni Kitivo. Ni nchi ya maji ya mifereji na mpunga, isiyo mbali na Kihurio. Kwa watu wa pande hizi kitivo ni ardhi ya kukanyaga.

(a) "Amepata ekari mbili kitivoni, mahali ambapo maji hayakauki upesi."
(b) "Mwanawe anasoma katika Kitivo cha Kilimo."

Waliochagua neno hili kwa ajili ya vyuo walifanya kazi nzuri, kwani walichukua jina la ardhi izaayo na kulitia mahali ambapo elimu hutazamiwa kuzaa. Ingefaa kamusi zitoe maana ya ardhi kwanza, na maana ya chuo baadaye, ili mwanafunzi aione njia ambayo neno limepita.

BONDE

Bonde ni nchi ya chini iliyo kati ya milima au vilima, aghalabu yenye mto. Ndiyo maana Wabondei, wakaao kati ya Usambara na pwani, nchi yao huitwa Bonde. Katika lugha ya ofisi za maji neno hili limepanuliwa sana. Bonde sasa ni eneo zima ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja, pamoja na vilele vya milima. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya namna hiyo. Mto Mkomazi humwaga maji yake katika Mto Pangani, na kwa hiyo Kihurio imo katika Bonde la Pangani. Hata kilele cha Shengena, ambacho ni kirefu kuliko vyote Upareni, kimo katika "bonde" hilo.

(a) "Ng'ombe wameshuka bondeni kutafuta majani." (maana ya kale)
(b) "Kila atumiaye maji katika Bonde la Pangani, awe juu au chini, yampasa kufuata taratibu za bodi." (maana mpya)

Maana hizi mbili hazigombani zikitengwa. Lakini tangazo likisema "wakazi wa bonde waje mkutanoni," watu wa mlimani huweza kukaa nyumbani wakiamini kwamba hawakuitwa. Mwandishi wa tangazo yampasa ataje vijiji kwa majina.

NDIVA, BWAWA na LAMBO

Ndiva ni neno la Kipare ambalo halina neno moja la Kiswahili la kulitosha. Ni birika la udongo au la mawe lililojengwa na wakulima kando ya mfereji. Usiku, watu walalapo, maji ya mfereji huingia ndani yake na kukusanyika. Asubuhi tundu la kutolea huzibuliwa, na maji hutoka kwa nguvu ya kufika mashambani. Kijito kidogo, ambacho mchana kingenyweka chote na mchanga wa njiani, huweza kumwagilia shamba la mbali kwa sababu kimekusanywa kwanza. Ndiva ni nyingi katika Upare wa Kusini. Ile iitwayo Manoo, katika Bangalala, imekwisha kuandikwa na wachunguzi wengi wa kilimo cha maji.

Katika Kiswahili neno hili limewekwa katika ngeli ya i- na zi-: ndiva hii imejaa, ndiva hizi zimejaa.

Bwawa ni tofauti. Zamani bwawa lilikuwa maji yaliyotuama penye matope na majani, na maana hiyo ingalipo. Leo hutumika hasa kwa maji mengi yaliyozuiwa kwa ukuta, kama bwawa la Kalemawe lililo katika tambarare hii hii. Lambo ni shimo kubwa lililochimbwa ili kuweka maji ya mvua, na aghalabu hutajwa pamoja na mifugo. Tofauti ya vitu hivi vitatu ni ya kazi. Bwawa na lambo huweka maji kwa miezi. Ndiva huyaweka kwa usiku mmoja.

(a) "Ndiva imejaa, mwambie Mama Nakijwa azibue, leo ni siku yake."
(b) "Bwawa limepungua kwa sababu mvua za vuli zilikuwa chache."
(c) "Wafugaji waliomba lambo ili mifugo isiingie mashambani."

Mtu afasiriye ndiva kwa neno "bwawa dogo" ameeleza umbo lake na kupoteza kazi yake. Mpango ukiandikwa kwamba kijiji kina "mabwawa madogo matano," msomaji wa mbali atadhani kwamba kijiji kina akiba ya maji ya kiangazi, na kumbe hakina akiba ipitayo siku moja.

MFEREJI

Mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa. Uchagani njia ya namna hiyo huitwa mfongo, lakini katika Kiswahili cha Upare mfereji ndilo neno la kawaida. Hapa kuna hatari moja ya kutambua. Katika Kenya "maji ya mfereji" ni maji ya bomba, yaliyosafishwa na kuletwa nyumbani kwa mpira au chuma. Katika Kihurio maji ya mfereji ni maji ya wazi, yapitayo katika udongo, yanywayo na mifugo na kuoga watoto.

(a) "Nyumba hii ina umeme na maji ya mfereji." (Nairobi)
(b) "Msinywe maji ya mfereji bila kuyachemsha." (Kihurio)

Mchunguzi wa afya atakayetunga maswali yake Nairobi na kuyauliza Same, neno kwa neno, atapata majibu yaliyo kinyume cha kweli. Katika Tanzania na aulize juu ya "maji ya bomba."

BANIO na KINGA

Banio limetokana na kitenzi bana, yaani kushika kwa kukaza pande mbili. Katika kilimo cha maji banio ni mahali ambapo mto hubanwa kwa mawe, kwa magogo au kwa saruji, ili sehemu ya maji igeuke na kuingia katika mfereji. Neno hili limeundwa kwa kanuni nzuri ya Kiswahili, nalo lafaa kushika mahali pa maneno ya kigeni.

Kinga ni kitenzi chenye pande mbili. Mtu hukinga jua, yaani hulizuia lisimfikie. Tena hukinga maji ya mvua, yaani hutega chombo yaingie. Maana ya kwanza ni kufukuza, ya pili ni kupokea. Mzizi wa zote mbili ni kitendo kimoja: kuweka kitu katika njia ya kitu kingine kijacho. Katika banio maana zote mbili hukutana, kwa kuwa mawe yanayowakingia maji watu wa mfereji ndiyo yanayowakinga watu wa chini wasiyapate.

(a) "Banio lilibomoka kwa mafuriko, na mfereji ukakaa siku tisa bila tone."
(b) "Kinga ndoo hapa, mvua inakuja."
(c) "Walitukingia maji yote, sisi wa chini tukabaki na mchanga."

Katika sentensi (c) msikilizaji asiyejua mambo huweza kudhani kwamba watu wa chini walitendewa wema. Umbo la kutendea, kingia, halisemi kama jambo limetendwa kwa faida ya mtu au kwa hasara yake. Maneno yafuatayo ndiyo yaamuayo.

ZAMU

Zamu ni nafasi ya mtu katika mfuatano: zamu yangu, zamu yako. Pia ni ulinzi, kama katika kushika zamu, na mlinzi huitwa mtu wa zamu. Kamusi huzitenga maana hizi mbili. Kando ya mfereji hazitengeki. Mwenye zamu ya maji ya usiku hupokea maji kwa saa zake, tena humlazimu alinde mfereji kutoka juu mpaka shambani kwake, asije mwingine akayageuza gizani.

(a) "Zamu yetu ni Jumanne, tangu alfajiri mpaka saa sita."
(b) "Usiku ule Baba Mchome alishika zamu peke yake, na taa yake ikaonekana mpaka kulipokucha."
(c) "Kuiba zamu ni kuiba chakula."

Kitenzi kiendacho na zamu ni cha kuangaliwa. Zamu hufika, hupita, huibiwa, huazimwa na kurudishwa. Msemo wa "kuazima zamu" una thamani, kwa sababu waonyesha kwamba kupewa zamu na jirani ni deni. Zamu ya kuazima isiporudishwa, ugomvi wake hausahauliwi upesi.

HAKI na KIBALI

Hapa twafika kwenye maneno mawili yenye uzito kuliko yote katika orodha hii. Haki ni neno la asili ya Kiarabu, na kutoka katika mzizi ule ule tumepata hakika na stahiki. Kitu kilicho haki ya mtu ni chake kwa kustahili, akinyimwa amedhulumiwa. Kibali ni cha mzizi wa kubali. Maana yake ya kwanza ni kupendezwa au kukubaliwa na mkubwa, nayo ingali hai: mtu hupata kibali machoni pa wazee. Maana ya pili ni ruhusa iliyoandikwa, itolewayo na mwenye mamlaka, kwa masharti na kwa muda.

Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilihusu haki ya maji, na wakulima waliojiandikisha walisema wana "haki." Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kwamba atakaye kuyatumia kwa kilimo cha namna hii hupewa kibali. Kwa mwanasheria badiliko hili lina sababu zake: maji ya nchi kavu hayatoshi wote, na ruhusa ya masharti hupunguzika kwa urahisi zaidi ukame ukija. Kwa mkulima, badiliko hili ni la lugha kabla ya kuwa la sheria. Jana alikuwa mwenye haki. Leo ni mwombaji.

(a) "Mfereji huu ulichimbwa na babu zetu, maji yake ni haki yetu."
(b) "Jumuiya ya watumia maji imeomba kibali, nacho kina masharti matatu."
(c) "Kibali kimekwisha muda wake, lakini haki haina mwisho."

Msemaji wa (a) na msemaji wa (b) huweza kuwa mtu mmoja, siku moja, mmoja mbele ya jirani na mwingine mbele ya afisa. Sentensi (c) ni hoja ambayo sheria haiikubali, lakini yaeleweka na kila mtu ajuaye Kiswahili. Mtu akitaka kufahamu kwa nini mkutano wa maji umekuwa mkali, na asikilize ni neno lipi kati ya haya mawili linalotumiwa, na nani anayelitumia.

JARUBA

Jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo za udongo ili maji yatuame. Wingi wake ni majaruba. Ni umbo, wala si kipimo. Jaruba la mmoja huweza kuwa mara tatu ya jaruba la mwingine. Katika skimu ya Ndungu, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa serikali ya Japani, mashamba yalipimwa na kunyoshwa, na hapo watu wakapata mazoea ya kulichukulia jaruba kuwa kiasi kijulikanacho. Nje ya skimu mazoea hayo hupoteza watu.

(a) "Kingo za jaruba la chini zimebomoka, maji yamehama."
(b) "Nilikodi majaruba manne, kumbe yote pamoja hayafiki nusu ekari."

MSARAGAMBO

Msaragambo ni neno la Kipare kwa kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu: kusafisha mfereji, kutengeneza njia, kujenga shule. Kiswahili kina maneno yaliyo karibu nalo. Ujima ni kusaidiana kwa majirani katika kazi ya shamba; lakini vitabu vya historia vimelichukua neno hilo na kulifanya jina la mfumo wa kale wa maisha kabla ya matabaka, hata mwanafunzi hudhani ujima ulikwisha. Kujitolea ni kufanya bila malipo, kwa hiari. Msaragambo hauna malipo, lakini pia hauna hiari. Asiyefika hutozwa, na asiyelipa huweza kukosa zamu ya maji.

(a) "Kesho ni msaragambo wa mfereji, kila nyumba ilete jembe moja na mtu mmoja."
(b) "Hakuja msaragambo mara mbili, basi alipotaka maji aliulizwa jembe lake liko wapi."

Mtu aandikaye katika taarifa kwamba mfereji umesafishwa "kwa kujitolea" ameficha nguvu ya kanuni iliyowatoa watu nyumbani. Neno la Kipare ni sahihi zaidi, nalo lastahili kuandikwa.

MBIRU

Neno hili twaliweka hapa kwa sababu laonyesha jinsi tukio liwezavyo kugeuza maana. Katika miaka ya 1940 watawala wa Upare, pamoja na serikali ya kikoloni, walileta kodi iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, nayo ikaitwa mbiru. Watu waliikataa, hasa ile namna ya kukadiriwa. Mwaka 1945 maelfu yao walikusanyika Same, na wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Kodi ile ikaondolewa baadaye. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kidogo juu ya habari hizi, kilichochapishwa mwaka 1971.

Lililokuwa jina la kodi limekuwa jina la kuikataa kodi. Mpare asemapo "wakati wa mbiru" hukumbuka umoja wa watu, wala hakumbuki fedha.

(a) "Waliamriwa kulipa mbiru." (maana ya kodi)
(b) "Bibi alikuwa msichana wakati wa mbiru." (maana ya tukio)

GULIO na MNADA

Gulio ni soko la siku maalumu ya juma. Katika Kizigua kugula ni kununua. Kutoka hapo, kwa umbo la kutendea na kiishio -o, limepatikana gulio, kama vile kimbilio lilivyopatikana kutoka kimbilia. Kiswahili chenyewe hununua, lakini kimeipokea nomino hii na kuacha kitenzi chake nyuma. Mnada umetoka katika kunadi, yaani kutangaza kwa sauti, na hasa ni mahali ambapo bei hushindaniwa kwa kupaza sauti, kama katika mauzo ya ng'ombe. Siku hizi, katika mikoa mingi ya bara, soko lolote la juma huitwa mnada hata kama hakuna anayenadi.

(a) "Siku ya gulio njia yote hujaa wanawake na vikapu."
(b) "Alipeleka mafahali wawili mnadani akarudi na mmoja, kwa kuwa bei haikumridhisha."

KWA WATUNGAJI WA KAMUSI

Maelezo haya yatoa mashauri matatu. La kwanza, neno la mahali lisiandikwe kwa kulinganishwa na kitu kifananacho nalo kwa umbo tu. Itajwe kazi yake, kwani ndiva, bwawa na lambo hutengwa na kazi. La pili, neno linalotofautiana maana kutoka nchi hata nchi, kama mfereji, liwe na alama ya mahali, na mfano wa kila upande. La tatu, maana iliyoletwa na sheria, kama ile ya bonde au ya kibali, ipewe mwaka wake, maana sheria hubadilika na lugha hubaki na mabaki ya kila sheria iliyopita.

Kazi hii si ya kukuza msamiati kwa ajili ya fahari. Wanafunzi wengi wa Kiswahili watokao milimani na tambarare za bara hufika vyuoni wakiwa na maneno kama haya, kisha huyaacha mlangoni kwa kudhani kwamba si Kiswahili. Neno lililotumika kugawa maji miaka mingi bila damu kumwagika limekwisha kupimwa kuliko maneno mengi tuliyoyatunga mezani. Msomaji aliye na maneno ya namna hii kutoka Gonja, Mamba, Suji, Chome au kwingineko, na ayaandike pamoja na sentensi zake, akieleza ni nani asemaye na wakati gani.